Dirisha la Uwanja wa Uhakika

Lori la vitunguu lilikuwa limeshaacha lami ya mji mkuu na kushika barabara ya mpakani, na Nakombo, aliyekaa mbele pembeni mwa dereva na mfuko wa nguo mapajani, hakuwa amegeuka nyuma hata mara moja. Dereva, mzee aitwaye Tungaraza, alimuuliza kama amesahau kitu. Akasema hajasahau. Akamuuliza kama kuna mtu anamfuata. Akasema bado, labda kwenye saa nne, wakishamaliza kuimba.

Tungaraza alikuwa mtu wa kuelewa pale anapotaka kuelewa. Akaongeza mwendo kidogo, kiasi vitunguu vinavyoruhusu.

Huko walikotoka, kwenye Uwanja wa Uhakika, watu walikuwa wamepangwa kwa mistari tangu alfajiri. Ilikuwa sherehe ya kutimiza miaka mitano ya Sheria ya Uthibitisho. Mbele yao ilisimama skrini ya kompyuta yenye urefu wa ghorofa tatu, imefunikwa pazia la rangi za bendera, na nyuma ya pazia lilikuwapo dirisha moja tu lililokwisha kufunguliwa. Nakombo ndiye aliyelifungua, saa kumi na mbili na nusu, kwa kidole chake, mbele ya askari wawili walioinamia kitabu kuandika jina lake kama sheria inavyotaka. Kila mtu alijua ndani yake mna hotuba ya Waziri. Nakombo peke yake ndiye aliyejua hamna.

*

Nchi hiyo, kwa wasiopata bahati ya kupita, ina adabu nyingi kuliko barabara. Mgeni akiaga haachwi akaondoka hivi hivi. Mwenyeji humuuliza, "Ndiyo unakwenda?" Mgeni anaitika ndiyo, lakini haondoki. Anaulizwa tena, anaitika tena. Akishaulizwa mara ya tatu na kuitika mara ya tatu, hapo ndipo anatafuta viatu. Anayeondoka kwenye swali la kwanza anahesabiwa kakasirika, na ndugu hukutana kumjadili. Wapo wageni waliokwama kwenye nyumba za watu siku nne nzima kwa kuwa mwenyeji alipitiwa na usingizi kabla ya swali la tatu.

Kwa hiyo kompyuta zilipoingia, mafundi wa huko walizifunza desturi. Ukitaka kufunga dirisha lenye kazi yako, mashine haikuachii tu. Inakuuliza: Hujahifadhi, unataka kuhifadhi? Ukikataa inakuuliza: Una uhakika? Watu waliipenda kwa hilo. Walisema mashine hii imelelewa.

Aliyeichukia ni mtu mmoja, Mheshimiwa Pazi Mkumbukwa, wakati huo Waziri wa Nyaraka. Mheshimiwa alikuwa akitunga kitabu cha maisha yake. Yeye anasema, na karani aitwaye Chande, mume wa Nakombo, anachapa. Walikuwa wamefika ukurasa wa mia sita na kumi, na Mheshimiwa alikuwa ameingia darasa la nne. Kitabu hakikuwa kimehifadhiwa mahali popote, kwa amri yake mwenyewe, maana aliamini kilichohifadhiwa huibwa. Mashine iliachwa ikiwaka usiku na mchana, na askari mlangoni.

Mchana mmoja baada ya chakula Chande alitoka kumletea maji. Mheshimiwa akataka kuangalia picha zake, na kitabu kilikuwa kimezifunika kwenye skrini. Akabonyeza kukifunga. Mashine ikauliza kama anataka kuhifadhi. Mheshimiwa akatazama huku na huku kutafuta nani anaulizwa. Alipogundua ni yeye, akasema kwa sauti, na Nakombo aliyekuwa anachapa chumba cha pili akamsikia wazi, "Hiki nacho kinaniuliza mimi?" Akabonyeza Hapana. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza Ndiyo, kwa nguvu, mpaka meza ikatikisika.

Maisha yake yakatoweka yote, pamoja na darasa la nne.

Chande alirudi na maji akaulizwa kitabu kimekwenda wapi. Alikuwa mtu asiyejua kuzungusha maneno, na huo ndio ulemavu pekee aliokuwa nao. Akasema, "Mheshimiwa, si imekuuliza?"

Ni hilo tu.

Alishtakiwa kwa kufunga dirisha la Serikali bila idhini. Aliiomba mahakama iangalie kumbukumbu za mashine, maana kila inachouliza na inachojibiwa inakiandika, na saa yake. Hakimu alisema ni ombi zuri sana, ila mashine haina mkono wa kuinua wala dini ya kuapia, basi ushahidi wake utakuwa umbeya. Nakombo alitaka kusema alichosikia, akaambiwa mke hamshuhudii mumewe. Mheshimiwa aliapa kwa mikono yote miwili. Chande akapata miezi sita.

*

Kutokana na msiba huo wa kitaifa ndipo ilipozaliwa Sheria ya Uthibitisho, na Mheshimiwa akahamishiwa wizara mpya iliyoundwa kwa ajili yake, Wizara ya Uhakika. Sheria aliitunga mwenyewe kwa siku mbili, na ilionekana.

Ilisema kwamba dirisha lolote la kompyuta ya Serikali litafungwa na yule tu aliyelifungua, si mwingine. Atafika mwenyewe au atafikiwa alipo, ataulizwa mara tatu mbele ya Shahidi wa Serikali kama ana uhakika, na ataitika Ndiyo mara tatu kwa sauti inayosikika. Jibu lolote lingine linaliacha dirisha wazi, na hataulizwa tena mpaka zipite siku saba, ili akili ipumzike. Kuzima umeme ni kufunga. Kuvunja skrini ni kufunga. Kuifunika ni kufunga. Adhabu ni miaka kumi. Na kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa na madirisha yake ambayo hakutaka siku moja mtu ambane ayafunge, aliweka kifungu cha tisa: anayemlazimisha, kumtisha au kumdhuru mwenye dirisha lililo wazi, naye atakwenda jela miaka kumi, awe nani.

Bunge lilipitisha kwa makofi. Mbunge mmoja alitaka kuuliza jambo, akaambiwa maswali ni kazi ya mashine.

Ndani ya mwaka mmoja kompyuta za Serikali zilikuwa na madirisha mia nane kila moja, yamelaliana kama dagaa. Wastaafu walifuatwa mashambani waje waseme Ndiyo. Bibi mmoja aliyekuwa amefungua orodha ya viti miaka ya nyuma alibebwa kwa machela kutoka wodini, akasema Ndiyo mbili, kwa ya tatu akaomba maji, na neno maji likarekodiwa kuwa jibu lingine. Hospitalini daktari akimwona mgonjwa anazidiwa alipiga simu kwanza wizarani kuuliza kama ana dirisha. Padri na shehe walisubiri nje mpaka Shahidi amalize.

*

Chande alimaliza miezi yake sita. Nakombo alikwenda kumchukua asubuhi, na kanzu safi, na chapati. Bwana jela akampokea vizuri, akampa kiti.

Alimweleza kwamba mumewe amemaliza kifungo na Serikali haimdai hata siku moja. Yuko huru kabisa. Kilichobaki ni kufunga dirisha la faili lake kwenye kompyuta, ndipo mlango wa nje ufunguliwe. Na aliyelifungua ni karani mmoja msichana, ambaye ameolewa, amehamia nchi ya mbali, na barua tatu zimeshatumwa.

"Kwa hiyo amefungwa," Nakombo alisema.

"Hapana, mama. Tumuombe Mungu atuepushe na lugha hiyo. Yuko huru, anasubiri."

Chande akasubiri miezi tisa. Alisubiri kwenye seli ileile, kwa dona lileile, ila wale askari walianza kumwita bwana. Kila Ijumaa Nakombo alikwenda na uji kwenye chupa, na kila Ijumaa alikuta mifupa ya uso imesogea mbele kidogo. Mwezi wa saba alianza kukohoa. Kwenda hospitali kulihitaji kibali cha mfungwa, naye si mfungwa. Nakombo alikwenda wizarani, akapanga foleni siku mbili, akamuona Mheshimiwa Mkumbukwa ana kwa ana. Alimpigia magoti. Ukweli ni kwamba alimpigia magoti, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulimeza.

Mheshimiwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Binti yangu, sheria nimeitunga mimi lakini mimi ni nani mbele ya sheria?" Akamuuliza, yeye aliyekuwa akichapa chumba cha pili, kama anajua kuchapa. Akasema anajua. Akapandishwa cheo palepale, akawekwa kwenye chumba cha mashine kubwa ya wizara, kama pole.

Chande alikufa mwezi wa tisa wa uhuru wake. Mwili ulitolewa kwa mlango wa jikoni, kwa sababu sheria haikutaja miili. Faili likabaki wazi.

Watu walimuonya Nakombo asifanye wazimu, na yeye hakufanya. Alikwenda kazini kila siku kwa miaka minne. Hakuchelewa, hakuugua, hakulia mbele ya mtu. Alijifunza sheria ile kifungu kwa kifungu, kama wengine wanavyojifunza dini. Akiwa peke yake alifungua kumbukumbu za mashine, zile ambazo hakimu aliziita umbeya, akatafuta tarehe na saa, akazikuta. Akazitazama, akazifunga vizuri, mara tatu, mbele ya Shahidi aliyekuwa anapiga miayo. Hakuwa na haraka. Mheshimiwa alimsifu mbele ya wageni kwamba huyu ni mjane aliyeelewa. Na ilipokuja sherehe ya miaka mitano, wakatafuta mtu wa kuaminika wa kufungua dirisha la Uwanja, hakuna aliyefikiria mwingine.

*

Saa nne kamili Mheshimiwa Mkumbukwa alivuta kamba ya pazia. Bendi ikapiga. Kisha upande mmoja wa bendi ukaacha, halafu mwingine, na ngoma peke yake ikaendelea kidogo mpaka mpigaji akainua macho.

Skrini ilikuwa na mistari michache, kwa herufi zenye kimo cha mtu. Ilitaja tarehe na saa, mchana, miaka mitano na miezi iliyopita. Ikasema:

MTUMIAJI: P. MKUMBUKWA.
SWALI: Hujahifadhi kurasa 610. Unataka kuhifadhi?
JIBU: Hapana.
SWALI: Una uhakika?
JIBU: Ndiyo.

Na chini yake, mstari kutoka faili la jela:

CHANDE. Kifungo kimekwisha. Yuko huru, anasubiri.

Uwanja mzima ulisoma. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na kwa kuwa wasiojua ni wengi, jambo lile lilisemwa kwa sauti mara nyingi sana. Mheshimiwa aliamuru lifungwe. Mafundi wakamuuliza nani alilifungua. Akaamuru wazime umeme. Mwanasheria wa wizara akamnong'oneza kifungu. Akavuta kamba kurudisha pazia, na mwanasheria akamshika mkono kwa heshima, akamweleza kwamba pazia la kabla ni sherehe, lakini pazia la baada ni kufunga, miaka kumi. Askari waliokuwa jirani walianza kumtazama Mheshimiwa kwa namna mpya.

Ndipo Katibu wa wizara, Bwana Ligunda, akapewa gari, Shahidi mmoja na simu, akaambiwa asirudi bila Ndiyo tatu.

*

Walimkuta kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito, kilomita chache kabla ya mpaka. Amekaa kwenye benchi la mama ntilie na glasi ya chai ya rangi. Tungaraza alikuwa kwenye foleni na vitunguu vyake.

Ligunda alikuwa amekuja na hasira za kutosha, akazikunja njiani alipokisoma tena kifungu cha tisa. Alimwamkia Nakombo kwa upole. Alimuuliza kama kiti kinamfaa, kama chai ina sukari. Alimwambia Serikali ina wasiwasi na afya yake. Akaahidi faili la Chande litafungwa leo leo kwa kibali maalumu, na barabara moja itaitwa jina lake. Nakombo aliuliza kwa nini kibali maalumu hakikuwapo wakati mtu anakohoa. Ligunda akasema hilo ni swali zuri.

Shahidi, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alisimama wima akisubiri kusikia neno la kuandika. Madereva walishuka kwenye malori. Mama ntilie akaacha kukuna nazi.

Ndipo Ligunda akampigia Mheshimiwa na kuweka simu mezani, sauti juu.

"Binti yangu," simu ikasema.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti yangu. Mimi na wewe tumefika mbali. Sikukupandisha cheo mimi?"

"Ulinipandisha."

"Basi sema Ndiyo, yaishe. Watu wamejaa hapa uwanjani. Wanazidi kuja. Wanaleta watoto kusoma."

Nakombo alikunywa chai kidogo. Akasema hana ubaya wa kusema, ila kuna kitu kimoja amekuwa akitaka kukisikia, si kwenye skrini, kwa mdomo wa mtu. "Siku ile, Mheshimiwa. Mashine ilikuuliza au haikukuuliza?"

Kwenye simu zilisikika kelele za uwanja, kama mvua kwenye bati.

"Nikisema, utafunga?"

"Sema, halafu Bwana Shahidi aniulize."

"Iliniuliza," Mheshimiwa alisema. "Iliniuliza mara mbili. Nikaijibu. Chande hakuwepo, alikuwa amefuata maji. Haya. Umeridhika?"

Shahidi aliandika yote, kwa kuwa alikuwa na kalamu na hakuna aliyemwambia asiandike. Dereva mmoja alitema mate chini, pembeni ya gari la wizara. Ligunda alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano, akamwashiria Shahidi aanze.

Shahidi akakohoa kusafisha koo. "Nakombo, mwenye dirisha la Uwanja wa Uhakika. Una uhakika unataka kulifunga?"

"Ndiyo," alisema Nakombo.

"Kwa mara ya pili. Una uhakika unataka kulifunga?"

"Ndiyo."

Ligunda machozi yalimlengalenga. Kwenye simu Mheshimiwa alikuwa anapumua kwa nguvu, na mtu mmoja kule alisikika akisema tayari, tayari, leteni pazia.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Una uhakika unataka kulifunga?"

Nakombo aliisogeza glasi, akainamia simu karibu kabisa, kama mtu anayemsemesha mgonjwa.

"Hapo sasa, Mheshimiwa," akasema, "sina uhakika."

Shahidi akaandika: jibu lingine. Akaangalia saa, akasoma kwa sauti kwamba mwenye dirisha hataulizwa tena mpaka siku saba. Ligunda alikaa chini, kwenye vumbi, na suti. Simu ilisema mambo mengi ambayo Shahidi, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, aliyaandika kwenye ukurasa wa vitisho.

Tungaraza alirudi kutoka kwenye mizani, akasema uzito uko sawa. Nakombo aliwaaga waliokuwapo. Mama ntilie akamuuliza, ndiyo unakwenda? Akaitika ndiyo. Akamuuliza mara tatu, na mara zote tatu akaitika, bila kusita, akapanda lori.

*

Dirisha la Uwanja liko wazi mpaka leo. Linakula umeme wa mitaa miwili, ambayo imezoea taa za mafuta.

Mheshimiwa Pazi Mkumbukwa aliachishwa kazi kwa redio siku ileile, akiwa ndani ya gari. Dereva alisikiliza taarifa mpaka mwisho, akasimamisha, akamuomba ashuke, kwa kuwa gari ni la waziri. Ilikuwa mbali na nyumba za watu. Alishtakiwa kwa vitisho, ushahidi ukiwa maandishi ya Shahidi, akafungwa miaka kumi. Alikufa mwaka wa tatu, kwa kikohozi. Wanawe walibadili jina la ukoo.

Hakimu aliyemfunga Chande alipandishwa Mahakama ya Rufaa na anaheshimika.

Ligunda ndiye Waziri wa Uhakika. Sheria ilipelekwa bungeni ikarekebishwa: sasa wanauliza mara nne.

Shahidi mwembamba aliacha kazi ya Serikali, anafundisha hesabu.

Bwana jela amestaafu kwa heshima zote. Faili la Chande halijafungwa, na jikoni wanaendelea kuandika sahani yake ya jioni. Yule karani msichana alijibu barua ya nne, akasema hakumbuki.

Tungaraza alipoteza magunia mawili kwa joto, mengine yakauzwa. Bado anaendesha.

Nakombo anaishi ng'ambo ya mpaka, anashona sare za shule. Serikali aliyoikimbia imemwekea muuguzi, kwa sababu akifa dirisha halitafungwa milele, na muuguzi huyo humpima kila asubuhi na kumkataza chumvi. Kila baada ya siku saba Shahidi mpya huvuka mpaka, huuliza, hupata jibu lilelile, hunywa chai, huondoka. Jirani mmoja alimuuliza Nakombo kama kisasi kimemrudishia chochote. Alisema hakijamrudishia kitu, na kwamba anakipenda hivyo hivyo.